Safari ya Kwanza na Mashine ya Cheni: Mkuyu Uliolala Darajani

Masika ya 2024 yaliikuta Morogoro imelowa tayari. Vuli iliyotangulia ilikuwa ya El Niño, ardhi haikupata nafasi ya kukauka, na ilipofika Aprili 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua na mafuriko yamekwisha kuua watu 155 nchini. Kwenye yadi ya mashine za kukodi ya Kihonda, nilikokuwa nimeajiriwa karibuni, simu ziliingia kutwa: tuta limekatika huku, barabara imechimbika kule.

Kazi yangu ilikuwa utaimkipa. Taimkipa ndiye anayeandika mashine imewaka saa ngapi, imezimwa saa ngapi, imekunywa lita ngapi za dizeli, na kama imelala, imelala kwa sababu gani. Habari hizo nilikuwa nikiziandika ofisini, kwa kuletewa. Mwezi Mei, mvua zilipoanza kupungua, nikaambiwa nifungashe. Mti mkubwa ulikuwa umelala kwenye daraja dogo la barabara ya kijiji, ng'ambo ya mji wa Kilosa, juu ya kijito kimoja kinachomwaga maji yake Mto Mkondoa. Mashine inapelekwa, na taimkipa aende nayo.

Mashine yenyewe ilikuwa ekskaveta ya cheni ya tani 20 hivi, ile ambayo maopereta wengi wamejifunzia kazi. Opereta wake ni mzee wa Ifakara ambaye yadi nzima, toka meneja hadi mlinzi, inamwita Mzee tu. Nilimkuta jioni akikagua kwa tochi ngazi za lobedi, trela la chini la kubebea mashine.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye utakayeandika?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi andika na hili. Watu hudhani ajali iko mtoni. Ajali nyingi ziko hapa, kwenye kupanda na kushuka."

Aliamuru ngazi zimwagiwe mchanga, kwa sababu cheni za chuma juu ya chuma kilicholowa huteleza. Kisha akaipandisha mashine polepole, mkono umetangulia mbele na baketi iko chini chini, ili mtelezo ukitokea baketi iwe mguu wa kujiegemeza. Ilipokaa sawa akaukunja mkono, akalaza baketi juu ya mbao, akazima. Utingo akaingia na minyororo, akaifunga kwenye pembe nne na mwingine juu ya mkono, akakaza kila mmoja mpaka ukalia. Mzee alipita nyuma yake akiigonga kwa nyundo, mmoja baada ya mwingine, akisikiliza.

Mzigo wa upana ule hautembei usiku. Tuliondoka kulipopambazuka, gari dogo lenye bendera nyekundu likiwa mbele yetu. Mimi nilikaa kwenye kichwa cha lobedi, katikati ya dereva na fundi chenso, kijana mwembamba aliyejifunza kukata miti katika shamba la Sao Hill kule Mufindi, msumeno wake ameuweka miguuni kwa kuogopa kuuweka nyuma na vyuma.

Barabara ya Dodoma ukitoka Morogoro inakupitisha Dakawa, penye mashamba makubwa ya mpunga na daraja la Mto Wami. Maji ya Wami yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yamejaa mabua. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Mbele kidogo tukaingia Magole na Dumila, mahali ambapo wasafiri wa barabara ile hawajapasahau: Januari 2014 mafuriko yalipiga vijiji hivi na kuikata barabara kuu, magari ya kwenda na kutoka bara yakasimama. Siku tuliyopita sisi palikuwa na matenga ya nyanya, pikipiki na abiria wanaonunua mahindi ya kuchoma dirishani. Ukimwondoa dereva wetu, ambaye mwaka ule alikwama hapo na shehena ya saruji, hakukuwa na kitu cha kusimulia yaliyotokea.

Dumila tukaiacha barabara kuu na kushika ya Kilosa. Mkono wa kulia milima ya Ukaguru imevaa mawingu, pembeni mwa barabara mkonge umepangwa mistari, na kila baada ya kitambo kuna kijito chenye daraja au kalavati. Fundi chenso alianza kuniwekea mchezo: kila kalavati tukilipita, niseme kama limeziba au halijaziba. Nilijifunza haraka kutazama upande wa juu, yanakotoka maji. Kalavati zima lina majani yaliyolala kuelekea mdomo wake. Lililoziba lina dimbwi, na majani yake yamesimama.

Kilosa ni mji ambao mto umeuandikia historia. Maji yanayoitwa Kinyasungwe huko juu, Mkoa wa Dodoma, hushuka kupitia bonde jembamba la milima, na yakifika Kilosa huitwa Mkondoa. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, waliipitisha kwenye bonde hilohilo, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kupanda kwenda bara. Tangu hapo reli na mto vinagombania nafasi. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimekatwa na mafuriko mara nyingi, na mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulivunja tuta na kuingia mjini, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Mto ukitoka milimani na kukuta ardhi tambarare hupunguza mbio, ukipunguza mbio huangusha mchanga, na mchanga ukijaa kitanda cha mto huinuka. Hapo ndipo gogo moja linapopata nguvu ambayo lisingekuwa nayo mahali penye kina.

Tulipofika kijijini watu walikuwa wamekwisha kusikia mlio wa lobedi kutoka mbali. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea, akatuonyesha daraja kabla hata ya kutukaribisha kiti.

Lilikuwa daraja la zege lenye matundu mawili na nguzo moja katikati. Mkuyu ulikuja na maji ya usiku, ukang'olewa na shina na mizizi yake kwenye kona ya juu, ukasafiri hadi pale na kujilaza kwa ubavu. Kisiki chenye mizizi kilikwama kwenye ukingo wa kulia; shina likaegemea nguzo; matawi yakaingia kwenye tundu la kushoto na kujisokota humo. Baada ya hapo kila kilichoelea kilikuwa kinafika na kukaa: matete, mabua ya mahindi, chupa za plastiki, viatu, mlango wa mbao wenye komeo. Tundu la kulia lilizibwa kwa mchanga hadi nusu. Maji yalipokosa pa kupita yakageukia ukingo wa kushoto, yakaanza kula udongo wa maingilio ya daraja. Daraja lilikuwa zima kabisa, halina hata ufa, lakini barabara ya kulifikia ilikuwa imebaki upana wa baiskeli.

"Pikipiki zinasukumwa kwa mkono," mwenyekiti alisema. "Mpunga umevunwa, uko ndani. Lori haliwezi kuufuata."

Vijana walikuwa wamejaribu kwa mashoka na kufanikiwa kupunguza matawi ya juu. Mwenyekiti aliwazuia wasiingie chini. Mhandisi wa wilaya, aliyefika na pikipiki akiwa na mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, alimpongeza kwa hilo kabla ya salamu nyingine.

Mimi nilikwishafungua daftari, nimeandika saa ya kufika, nikasubiri saa ya kuwasha. Ilichelewa. Mzee hakupanda mashine. Alivua viatu, akaazima mti mrefu wa kuchomea samaki, akatembea ukingoni akichoma ardhi kila hatua mbili. Palipozama sana aliweka alama ya tawi. Kisha akarudi, akachuchumaa na mhandisi, na hesabu ikafanywa mchangani kwa kijiti.

Shina lilikuwa na kipenyo cha kama mita 1 na urefu wa mita 10 hadi kwenye panda. Hiyo ni karibu mita 8 za ujazo. Mkuyu ukikauka ni mwepesi, ndiyo maana wachonga mizinga huupenda, lakini huu ulikuwa mbichi na umelala ndani ya maji. Mhandisi aliukadiria kuwa zaidi ya tani 6 bila kisiki. Ekskaveta ya tani 20 inaweza kuinua uzito mkubwa ikiwa mzigo uko karibu na miguu yake. Mkono ukinyooshwa mita 8 au 9 uwezo unaporomoka hadi tani 2 au 3, na ukilazimisha, inayoinuka ni mashine.

"Kwa hiyo hatuinui," Mzee alisema.

Halafu kulikuwa na maji. Takataka na shina kwa pamoja zilikuwa zimeweka ukuta wa kama mita za mraba 15. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde, ukuta huo unasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 3. Mbio zikipungua kuwa nusu, msukumo unashuka hadi robo. Ndiyo sababu walisubiri mvua ipungue, na ndiyo sababu kazi ilianza kwa kuyapa maji njia. Gogo lenyewe likaachwa kwanza.

Mtaalamu wa bonde alikuwa na sharti lake: watu wa chini wajulishwe. Maji yaliyofungiwa nyuma ya takataka yakiachiwa kwa mkupuo yanaweza kumkuta mama anafua au mtoto anaoga. Alikumbusha yaliyotokea Kenya wiki chache kabla. Aprili 29 mwaka huohuo, karibu na Mai Mahiu katika Kaunti ya Nakuru, njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, yakalipasua kabla ya mapambazuko na kuua watu zaidi ya 40. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limevunjika. Kisa chote kilikuwa tundu lililojaa magogo, mawe na udongo. Mwenyekiti aliposikia hivyo akatuma vijana wawili wa pikipiki washuke na mto, mmoja kila upande, na asirudi mtu mpaka amefika kivuko cha mwisho.

Mashine ikashushwa. Mzee alichagua ukingo wa kulia, upande wa juu wa daraja, mahali ambapo mti wa samaki haukuzama. Hata hivyo aliagiza magogo ya matawi yaliyokatwa yapangwe chini kama jukwaa, cheni zikae juu yake. Aliisimamisha mashine ikitazama mto moja kwa moja, kwa sababu ukingo ukianza kumeguka anaweza kurudi nyuma kwa pigo moja la mguu. Aliyeiweka ubavu itambidi kwanza ageuke, na muda huo hana. Utingo alikagua mipira ya haidroliki kwa kitambaa cheupe, akitafuta jasho la mafuta. Dizeli na grisi viliachwa mbali na maji, na gunia la maranda ya mbao likawekwa tayari kwa tone lolote. Mpiga ishara akawa mmoja tu, mhandisi. Mzee alisema mbele ya kijiji kizima kwamba mtu mwingine akinyoosha mkono, hata kwa kumsalimia, atazima mashine.

Niliandika saa ya kuwasha.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kuchosha kuitazama, na ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Baketi ilichota takataka kutoka pembeni, kidogo kidogo, ikizimwaga mbali juu ya ukingo ili mvua isizirudishe. Ndani ya matete mlitoka nyoka wa kijani, watoto wakapiga kelele, akaingia majini akaenda zake. Kila baketi nne au tano Mzee alisimama, akaacha mkono hewani na kutazama maji. Mwanzoni sikuona kitu. Baadaye nikaona uzi mwembamba wa maji umeanza kupita chini ya shina, kisha uzi ukawa mkono, na dimbwi la juu likaanza kuacha alama ya tope kwenye majani. Maji yalishuka hivyo, bila kishindo, kwa muda ambao mama mmoja aliutumia kukaanga maandazi na kuyauza yote.

Hapo ikafika zamu ya chenso.

Tawi moja kubwa, nene kama paja la mtu mzima, lilikuwa limebanwa chini ya shina na kupindwa na maji mpaka likawa upinde. Fundi alifungwa kamba kiunoni, vijana wawili wakaishika ukingoni, akaingia maji ya magoti. Hakulikata. Aliuweka msumeno juu ya tawi, akaligusa tu, akatoa, akainama kuangalia alama. Akaligusa upande wa pili, akainama tena. Alipopanda kunywa maji nilimuuliza alikuwa anatafuta nini.

"Mdomo wa mkato," alisema. "Ukifumba, upande huo umebanwa, msumeno utakwama. Ukifumbuka, upande huo umevutwa, ukiukata kwa pupa tawi linaruka. Likikupata kifuani hurudi nyumbani."

Akarudi. Alianza upande uliobanwa, akaenda ndani theluthi moja tu, kisha akahamia upande uliovutwa na kukata kwa vipande vidogo, akisimama mahali ambapo tawi lisingeweza kumfuata. Lilipoachia lilipiga maji kwa mlio wa bunduki na ncha yake ikapita hewani pale ambapo mtu asiyejua angekuwa amesimama. Vijana wenye mashoka walitazamana. Sidhani kama kuna hotuba ambayo ingewaeleza sababu ya kuzuiwa vizuri kuliko mlio ule.

Matawi yalipokwisha kutolewa likabaki shina na kisiki chake. Utingo alipitisha waya wa chuma chini ya shina, karibu na ncha ya kushoto, akaufunga kwa kitanzi kinachojikaza kadiri unavyovutwa, akaunganisha na baketi kwa pingu ya chuma. Juu ya waya, katikati, alitupa turubai zito lililokunjwa. Waya ukikatika hurudi kama mjeledi, na turubai huuangusha chini. Mhandisi akawasogeza watu nyuma, zaidi ya urefu wa waya wote, na hata mwenyekiti akatii.

Kisha Mzee akavuta. Hakuvuta kuelekea kwake. Alivuta ncha ile kuupandisha mto, kidogo, hadi shina likaachana na nguzo, halafu akaendelea kuivuta taratibu ikielea. Shina likaanza kugeuka. Gogo lililolala kukingama mto linasukumwa na mto mzima. Likielekezwa sambamba na mkondo, maji hupita pembeni yake na msukumo unapungua sana. Lilipojilaza kufuata ukingo, ncha nyembamba ikitazama juu na kisiki kikiwa bado kimeshika ardhi, Mzee akapunguza waya, akaukunja mkono karibu na miguu ya mashine, na sasa ndipo alipoburuta. Shina likapanda ukingo likilima mtaro kwenye tope. Muda wote huo, tangu waya ulipokaza hadi shina kukaa juu, daftari linaonyesha dakika 20.

Kisiki kilitaka akili nyingine. Kilikuwa kimeegemea ukingo na udongo wake wote, na shina ndilo lililokuwa likikizuia kisisimame. Fundi chenso alikataa kukitenganisha mpaka baketi iwekwe nyuma ya mizizi na kukikandamiza. "Kisiki hurudi shimoni chenyewe," alisema, "na hakiangalii nani amesimama hapo." Baketi ikakandamiza, akakata akibakiza kipande cha shina cha kushikia, akatoka, na Mzee alipolegeza mkono kisiki kiliinuka kweli, taratibu, kikasimama wima kana kwamba mkuyu unataka kuota tena. Kilivutwa juu na kuwekwa mbali.

Baketi ya mwisho ilifukua mchanga wa tundu la kulia. Maji yakaingia matundu yote mawili, na ukingo wa kushoto uliokuwa ukiliwa ukapumzika. Mzee alijaza udongo na mawe kwenye maingilio, akayakanyaga kwa cheni kwenda na kurudi. Lori la mpunga lilivuka kesho yake, likiwa na nusu ya mzigo kwa amri ya mhandisi, hadi maingilio yashindiliwe ipasavyo.

Wakati wa chakula, ugali na kambale wa mto uleule, palizuka swali la nani mwenye mti. Mkuyu hautoi mbao za maana, kwa hiyo ugomvi haukuwa mkubwa. Mwenyekiti akaamua shina likatwe kuni za jiko la shule. Mtaalamu wa bonde alichukua nafasi hiyo kutupeleka juu kwenye kona ulikoanguka mti. Shimo la mizizi lilikuwa wazi. Matuta ya mahindi yalifika hadi kwenye mdomo wa shimo lenyewe.

Bibi mmoja aliyetufuata alisema ameukuta mkuyu ule tangu anaolewa pale, na kwamba chini yake palikuwa na matete na vichaka ambavyo mtu hapiti. Vichaka vilifyekwa mwaka hadi mwaka, jembe likasogea, mizizi ikabaki imeshika hewa upande mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtaalamu aliitaja, kisha akaongeza maneno ambayo wakulima waliyasikiliza zaidi ya sheria: shamba lililofika ukingoni ndilo la kwanza kuondoka. Mwenye mahindi yale alikuwepo. Mistari yake miwili ilikwishakwenda na mkuyu.

Jambo moja lilinishangaza. Kwenye kona hiyohiyo kulikuwa na gogo jingine la zamani, limezama nusu, limeota kuvu. Mzee aliuliza kama alitoe, kwa kuwa mashine iko hapa na dizeli ipo. Mtaalamu alikataa. Gogo lile halikuzuia kitu, lilikuwa limejipanga kufuata ukingo na kuukinga, na nyuma yake ndiko kambale na perege wanakojificha. Mto usio na gogo hata moja huongeza mbio, na mbio hizo hulipwa na daraja la chini. Linalotolewa ni lililokingama, linaloziba tundu au linalogeuza mkondo kuelekea barabara na nyumba. Mengine ni mali ya mto.

Safari ya kurudi Morogoro ilikuwa ya kimya, utingo amelala, Mzee ameketi gari la mbele. Nilijumlisha daftari. Mashine iliwaka kwa saa 9, ikanywa lita 130 na ushei za dizeli. Lakini gharama kubwa haikuwa hiyo. Ilikuwa lobedi kwenda na kurudi, gari la bendera, kibali, watu na chakula chao. Na nje ya daftari langu kulikuwa na mpunga uliokaa ndani, wagonjwa waliovushwa mgongoni na udongo wa maingilio uliokwenda na maji. Mwenyekiti alikuwa ametuambia kwamba kabla ya masika mkuyu ule ulikuwa umekwisha kuinama, kila mtu aliuona, na waliopita chini yake walikuwa wanaharakisha. Siku hizo, kamba, msumeno mmoja na vijana wa kijiji wangeweza kuulaza nchi kavu kwa asubuhi moja.

Nimekwenda kwenye mito mingine tangu wakati huo, na hesabu huja vilevile. Kwa hiyo, msomaji, kama kijijini au mtaani kwako kuna daraja au kalavati, litazame kabla vuli na masika hazijaanza. Tazama upande yanakotoka maji. Ukikuta tundu limeanza kushika matawi, au mti wa ukingoni umeinama na mizizi iko nje, nenda serikali ya kijiji au ya mtaa siku hiyohiyo, na waiandikie ofisi ya mhandisi wa wilaya na bodi ya maji ya bonde lenu. Kama mti umekwisha kulala majini na maji yanausukuma, usiingie na shoka. Weka watu mbali, wajulishe walio chini ya mto, na usubiri wenye waya na mashine. Na kama shamba lako limefika ukingoni, rudisha jembe nyuma mita 60 na uache matete yaote.